Albert Augustus Pope

Albert Augustus Pope (Boston, 20 Mei 1843 – Cohasset, 10 Agosti 1909) alikuwa mwanajeshi na mfanyabiashara wa Marekani aliyeifanya baiskeli kuwa biashara kubwa nchini humo. Anajulikana hasa kwa baiskeli za jina la Columbia. Hata hivyo, mchango wake uligusa pia watu ambao hawakupanda baiskeli kamwe, kwa sababu alitumia fedha na nguvu zake kutetea haki ya waendesha baiskeli kutumia barabara za umma, na kudai kwamba serikali ijenge barabara bora. Barabara hizo baadaye zilitawaliwa na magari, nayo kampuni yake iliyojaribu kuyatengeneza ilifilisika.

Watu wa wakati wake walimwita Kanali Pope kutokana na cheo alichopata vitani.

Utoto na ujana

Pope alizaliwa mjini Boston, jimbo la Massachusetts. Alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia Brookline, nje kidogo ya mji. Biashara ya baba yake, Charles Pope, iliharibika mwanzoni mwa miaka ya 1850, na mtoto Albert alilazimika kufanya kazi. Akiwa na umri wa miaka 9 hivi alikuwa akilima kwa plau katika shamba la jirani. Baadaye alinunua matunda na mboga kwa wakulima na kuziuza kwa majirani, kisha akafanya kazi katika soko la Quincy mjini Boston na katika duka lililouza vifaa vya mafundi viatu. Hakupata nafasi ya kusoma sana.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokuwa ikiendelea, mwaka 1862, alijiunga na Kikosi cha 35 cha jimbo la Massachusetts akiwa luteni mdogo wa miaka 19. Alipigana katika mapambano makubwa, yakiwemo yale ya Antietam na Fredericksburg, akarudi nyumbani mwaka 1865 akiwa na cheo cha heshima cha luteni kanali.

Baada ya vita alianzisha biashara yake ya vifaa vya viatu, nayo ilistawi. Kwa faida yake alisaidia kuwasomesha wadogo zake. Kati yao walikuwemo dada zake mapacha, Emily na Augusta, waliokuwa madaktari katika wakati ambapo wanawake madaktari walikuwa wachache sana. Mwaka 1871 alimwoa Abby Linder, wakapata watoto sita.

Kukutana na baiskeli

Mwaka 1876 Pope alitembelea maonyesho makubwa ya Philadelphia, yaliyofanyika kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Huko aliona baiskeli kutoka Uingereza. Hazikuwa kama baiskeli tunazozijua leo. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa, karibu kufikia kifua cha mtu mzima, na la nyuma lilikuwa dogo. Hapakuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, hivyo kila mzunguko wa miguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ndiyo maana gurudumu lilifanywa kubwa: lilipozunguka mara moja lilikwenda mbali zaidi. Mpandaji alikaa juu kabisa, na tairi zilikuwa za mpira mgumu zisizo na upepo. Gurudumu likigonga jiwe au kutumbukia kwenye shimo, mpandaji aliweza kurushwa mbele, akaangukia kichwa.

Mwaka uliofuata mgeni wake kutoka Uingereza, John Harrington, alimtengenezea baiskeli moja mjini Boston kwa gharama ya dola 313. Pope akajifunza kuiendesha. Mwaka huohuo wa 1877 alisajili kampuni yake, Pope Manufacturing Company, ambayo mwanzoni ilishughulika na vitu vidogovidogo, zikiwemo bastola za upepo. Aliagiza baiskeli chache kutoka Uingereza, na baada ya kuona kwamba zinanunuliwa, aliamua kuzitengeneza Marekani.

Mwaka 1878 alikwenda Hartford, jimbo la Connecticut, kwenye kiwanda cha vyerehani cha Weed. Inasimuliwa kwamba alitoka stesheni ya reli hadi kiwandani akiwa juu ya baiskeli yake, huku watoto wakimkimbilia nyuma. Biashara ya vyerehani ilikuwa imepungua, na kiwanda kilikuwa na mashine na mafundi waliozoea kutengeneza vipuri vya chuma vinavyolingana kabisa. Kiwanda kilikubali oda ya baiskeli 50, na hizo ndizo zilikuwa Columbia za kwanza. Mwaka 1890 Pope alikinunua kiwanda hicho chote.

Hataza na mrabaha

Pope alielewa mapema nguvu ya hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa muda fulani. Alinunua hataza nyingi za baiskeli kadiri alivyoweza. Iliyokuwa muhimu kuliko zote ni ile ya Mfaransa Pierre Lallement, aliyekuwa amepewa hataza ya baiskeli yenye pedali nchini Marekani mwaka 1866, akashindwa kupata mtaji wa kuitumia. Kwa kushikilia hataza hizo, Pope aliwadai watengenezaji wengine mrabaha kwa kila baiskeli waliyouza. Waliokataa aliwapeleka mahakamani.

Mbinu hiyo ilimtajirisha na kumpa maadui. Lallement mwenyewe alikuja kufanya kazi katika kampuni ya Pope, lakini alifariki mjini Boston mwaka 1891 akiwa mtu asiyejulikana sana na asiye na mali.

Vyama na safari za pamoja

Pope aligundua kwamba haitoshi kutengeneza baiskeli. Mnunuzi alihitaji pia mahali pa kujifunza, wenzake wa kuendesha nao, na barabara ambayo hatafukuzwa. Kampuni yake ilifungua shule za kuendesha baiskeli, ikatoa matangazo mengi magazetini na kugharamia maandishi kuhusu mchezo huo.

Chama cha kwanza cha waendesha baiskeli nchini Marekani, Boston Bicycle Club, kilianzishwa mwezi Februari 1878. Mwezi Septemba 1879 waendesha baiskeli wapatao 40 walifanya safari ya siku mbili kuuzunguka mji wa Boston na vijiji vyake. Habari za safari hiyo ziliandikwa katika jarida kubwa mwaka 1880 na Charles Pratt, mwanasheria wa hataza aliyemfanyia kazi Pope, na watu wengi walivutiwa kufanya safari kama hizo. Wanachama waliendesha kwa mistari wakiwa na sare, kiongozi akiwa mbele na mpiga tarumbeta akitoa ishara za kupanda, kushuka na kupunguza mwendo. Kwenda kwa kundi kulikuwa na faida: aliyeanguka alisaidiwa, na wenye magari ya farasi waliokuwa wakali kwa mtu mmoja walikuwa wapole mbele ya watu 40.

Tarehe 31 Mei 1880 vyama mbalimbali vilikutana Newport, jimbo la Rhode Island, vikaanzisha umoja wa kitaifa ulioitwa League of American Wheelmen. Pratt alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Umoja huo uliweka wawakilishi katika miji mingi, ulichapa ramani na vitabu vya njia vilivyoonyesha hali ya barabara na vilima, na ulichagua hoteli zilizokubali kuwapokea wanachama. Pope aliusaidia kwa fedha tangu mwanzo. Mwaka 1882 aligharamia pia jarida la The Wheelman, lililohaririwa na kijana S. S. McClure, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachapishaji maarufu wa Marekani. Jarida hilo baadaye liliungana na jingine liitwalo Outing.

Msafiri mashuhuri wa kipindi hicho alikuwa Thomas Stevens. Aliondoka San Francisco mwezi Aprili 1884 akiendesha Columbia ya gurudumu kubwa, akafika Boston mwezi Agosti. Pope alimsaidia kuendelea, na mwezi Desemba 1886 Stevens alimaliza safari yake ya kuzunguka dunia huko Yokohama, Japani. Mwaka 1889 Stevens huyohuyo alifika Zanzibar na Afrika ya Mashariki, safari hii bila baiskeli, akiwa mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Henry Morton Stanley.

Haki ya kutumia barabara

Miji mingi ilipiga marufuku baiskeli katika barabara zake au katika bustani za umma. Sababu iliyotolewa zaidi ni kwamba ziliwatisha farasi. Swali la msingi lilikuwa la kisheria: je, baiskeli ni chombo cha usafiri kama gari la farasi, au ni mchezo tu usio na haki barabarani?

Kesi iliyojulikana sana ilihusu bustani ya Central Park mjini New York, ambako wasimamizi walizuia baiskeli. Mwaka 1881 waendesha baiskeli watatu waliingia bustanini kwa makusudi ili wakamatwe na suala lifike mahakamani. Pope aligharamia mawakili. Mahakama iliamua kwamba wasimamizi walikuwa na mamlaka ya kuweka katazo hilo, kwa hiyo kesi ikashindwa. Lakini mjadala ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1883 baadhi ya njia zilifunguliwa kwa masharti, na mwaka 1887 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyoipa baiskeli haki sawa na magari ya farasi katika barabara na bustani za umma. Majimbo mengine yalifuata njia hiyo.

Ushindi huo ulikuja wakati mwafaka. Mwishoni mwa miaka ya 1880 baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo, ilianza kuchukua nafasi ya ile ya gurudumu kubwa. Baada ya hapo zikaja tairi za upepo. Baiskeli hiyo mpya ilikuwa salama zaidi, na wanawake wengi wakaanza kuiendesha. Pope alianza kuitengeneza mwaka 1888.

Harakati za barabara bora

Haki ya kupita barabarani haikuwa na maana kubwa pale ambapo barabara yenyewe haipitiki. Nje ya miji, barabara nyingi za Marekani zilikuwa za udongo mtupu. Wakati wa masika na theluji inapoyeyuka ziligeuka tope, na wakati wa kiangazi zilikuwa vumbi na makorongo. Katika sehemu nyingi matengenezo yalifanywa na wakulima wenyewe waliolipa kodi ya barabara kwa kufanya kazi siku chache kwa mwaka, bila mhandisi wala zana za kutosha.

Kuanzia mwaka 1889 Pope alizunguka akitoa hotuba juu ya jambo hilo, akianza na mkutano wa watengenezaji wa magari ya farasi huko Syracuse, New York. Aliwaambia kwamba barabara mbaya ni hasara kwao pia. Alichapa vijitabu kwa gharama yake na kuvigawa, na alitoa fedha kwa chuo cha teknolojia cha Massachusetts (MIT) ili kianze mafunzo ya uhandisi wa barabara. Umoja wa waendesha baiskeli nao ulianzisha jarida la Good Roads mwaka 1892.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa wakulima. Waliona kwamba matajiri wa mjini wanataka starehe ya siku ya mapumziko, na gharama yake ibebwe na kodi ya mashamba. Hoja hiyo haikuwa ya bure, maana baiskeli nzuri iliuzwa kwa dola 100 au zaidi, fedha ambazo mkulima wa kawaida au kibarua hakuwa nazo. Viongozi wa umoja walijibu kwa kueleza hesabu ya mkulima mwenyewe: farasi wengi zaidi kwa mzigo uleule, mazao yanayosubiri tope likauke hadi bei ishuke, na watoto wanaoshindwa kufika shuleni. Pia walitaka gharama isiwe ya wanavijiji peke yao, bali ibebwe na jimbo na taifa zima. Polepole wakulima wengi walianza kukubali, hasa baada ya serikali kuanza kupeleka barua hadi mashambani mwaka 1896, huduma iliyotegemea barabara zinazopitika.

Pope aliongoza ukusanyaji wa sahihi kudai serikali ya taifa ianzishe idara ya barabara. Karatasi zenye sahihi zipatazo 150,000 ziliunganishwa na kuzungushwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, zikapelekwa Bunge la Marekani mwaka 1893. Gurudumu hilo bado linahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilianzishwa Ofisi ya Uchunguzi wa Barabara chini ya Wizara ya Kilimo, ikiongozwa na Jenerali Roy Stone na kupewa bajeti ya dola 10,000. Ofisi hiyo ilikusanya taarifa, na kuanzia mwaka 1897 ilijenga vipande vifupi vya barabara za mfano, za kokoto zilizoshindiliwa, ili wananchi waone kwa macho tofauti yake na tope. Kutokana na ofisi hiyo ndogo ilikua idara ambayo leo inasimamia barabara kuu za Marekani.

Ubaguzi ndani ya umoja

Umoja ambao Pope alisaidia kuujenga haukumkubali kila mtu. Mwaka 1894, katika mkutano wa Louisville, Kentucky, wajumbe walibadilisha katiba ili uanachama uwe wa watu weupe tu. Hivyo chama kilichodai kwamba barabara ni ya watu wote kiliwafungia mlango raia weusi. Kittie Knox, mshonaji kijana wa Boston mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa ameshajiunga mwaka 1893. Mwaka 1895 alihudhuria mkutano wa kitaifa huko Asbury Park, New Jersey, akiwa na kadi yake ya uanachama, na tukio hilo liliandikwa katika magazeti mengi. Katazo hilo lilifutwa rasmi mwaka 1999 tu.

Kilele cha biashara na anguko lake

Katikati ya miaka ya 1890 Pope alikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa baiskeli nchini Marekani. Mjini Hartford alikuwa na viwanda vya baiskeli, vya mabomba ya chuma na vya tairi za mpira. Alijenga nyumba za wafanyakazi, na aliupa mji ardhi ya ekari 90 hivi karibu na viwanda ili iwe bustani ya wafanyakazi na ya wakazi wote. Wanachama wa League of American Wheelmen walizidi 100,000 mwaka 1898.

Lakini viwanda vilikuwa vingi mno. Soko lilijaa, bei zikashuka, na matajiri walioifanya baiskeli kuwa mtindo wakaanza kutafuta kitu kipya. Mwaka 1899 Pope na wenzake waliunganisha kampuni zaidi ya 40 kuwa moja, American Bicycle Company, wakitumaini kuzuia ushindani. Ilianguka mwaka 1902. Idadi ya wanachama wa umoja nayo ilishuka kwa kasi.

Pope alikuwa ameshaanza kutazama magari. Mwaka 1895 kampuni yake ilimwajiri mhandisi kijana, Hiram Percy Maxim, na mwaka 1897 ilionyesha gari la umeme la Columbia. Pope aliamini kwamba watu hawatapenda injini ya petroli kwa sababu ya kelele na moshi wake. Baada ya mwaka 1903 alitengeneza pia magari ya petroli katika viwanda vya miji mbalimbali, yakiwemo Pope-Hartford na Pope-Toledo. Mtaji haukutosha, na mwaka 1907 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama.

Pope alifariki miaka miwili baadaye nyumbani kwake Cohasset, ufukweni mwa bahari, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa katika makaburi ya Forest Hills mjini Boston.

Urithi

Jina la Columbia liliendelea kutumika kwa baiskeli zilizotengenezwa Westfield, Massachusetts, kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Bustani aliyoutolea mji wa Hartford bado ipo, nayo inaitwa Pope Park. League of American Wheelmen iliwahi kusimama kwa miaka mingi ikafufuliwa, na leo inaitwa League of American Bicyclists. Inaendelea kudai njia salama za baiskeli.

Wanahistoria wanatofautiana katika kumpima Pope. Alidai barabara za umma huku akiuza bidhaa iliyozihitaji, na alitetea uhuru wa mwendesha baiskeli huku akimtoza mrabaha kila mshindani. Faida yake na faida ya umma zilikwenda pamoja kwa muda, kisha zikaachana. Barabara zilizodaiwa na waendesha baiskeli zilipojengwa, magari yalizijaza kiasi kwamba baiskeli zikaonekana kuwa wageni. Karne moja baadaye, miji ya Marekani ilianza tena kutenga njia za baiskeli. Mojawapo mjini Boston, iliyopewa jina mwaka 1993, haikuitwa kwa jina la Pope, bali kwa jina la Pierre Lallement.